Feniksi Wako Umewahi Kumchoma?

Haya wapenzi wa kompyuta, leo tuzungumze juu ya ndege asiyekuwapo. Anaitwa feniksi. Hadithi mnaijua: huishi mamia ya miaka, huungua akawa majivu, kisha hutoka majivuni akiwa mpya. Hajawahi kutua hapa Dunga wala kwingineko, lakini jina lake limetua kila mahali.

Waliotumia kompyuta za zamani wanakumbuka jina Phoenix likitokea kwenye skrini nyeusi kabla Windows haijaamka. Hiyo ni Phoenix Technologies ya Marekani, kampuni ya mwaka 1979, watengenezaji wa BIOS. Mwaka 2002 watu wa Mozilla wakatoa kivinjari, nao wakakiita Phoenix, kwa kuwa kilitoka katika majivu ya Netscape. Kampuni ile ikalalamika, na 2003 kikawa Firebird. Kumbe Firebird nayo ina wenyewe! Ilikuwa hifadhidata huria iliyozaliwa 2000 kutokana na kodi ya InterBase. Ugomvi tena. Ndipo Februari 2004 tukapata Firefox. Majina matatu ndani ya miaka miwili, yote kwa ajili ya ndege wa hadithi.

Si hao tu. Wanaoandika programu kwa lugha ya Elixir wana kiunzi chao kiitwacho Phoenix. NASA nao walitua chombo Phoenix kwenye sayari ya Mihiri mwaka 2008, kilichoundwa kwa mabaki ya safari iliyofutwa.

Na sisi je? Ule mkindu unaoota penye majimaji, wenye majani ya kusukia mikeka na vikapu, wataalamu wa mimea huuita Phoenix reclinata. Hapo si ndege tena. Kwa Kigiriki cha kale neno hilohilo lilikuwa mtende, tena rangi nyekundu ya zambarau, tena mtu wa Foinike, tena ndege. Herodotus alisimuliwa habari za ndege huyo huko Misri, na katika maelezo yake hakuna moto hata kidogo. Moto uliongezwa baadaye. Wamisri wenyewe walikuwa na ndege wao mtakatifu, bennu, waliyemchora kama korongo. Korongo wa kijivu mbona tunaye hapa ziwani, na maji yetu ndiyo hayo yanayoteremka Nile hadi kwao!

Sasa nifike ninapotaka. Sina ugomvi na neno kuwa na maana nyingi. Ninachokataa ni jina kutumiwa kama dawa. Mfumo ukifa, ofisi huunda mradi mpya, huuita Phoenix, na kila mtu hudhani kufufuka kumeshapatikana. Serikali ya Kanada iliuita Phoenix mfumo wake wa mishahara, ukaanza 2016. Wafanyakazi wengi walilipwa pungufu, wengine zaidi, wengine hawakulipwa kabisa. Jina halikuwasaidia kitu.

Hapa Kisumu tunapenda neno kufufua. Meli MV Uhuru, ya mwaka 1966, ilirudi kazini 2019 baada ya kulala miaka mingi. Ilitoka majivuni? Hapana. Kulikuwa na chuma cha kutengenezwa na mafundi wa kukitengeneza.

Maana ninayoiheshimu ni ya Martin Fowler, aliyeandika 2012 juu ya seva za feniksi. Anasema seva nzuri ni ile unayoweza kuifuta kabisa, kwa makusudi, ukaijenga upya kwa maelekezo yaliyoandikwa, si kwa kumbukumbu ya fundi mmoja. Yaani mchome ndege wako ukiwa macho, kabla ajali haijamchoma ukiwa umelala.

Mnasema hayo ni ya makampuni makubwa? Sivyo. Nimezunguka kwenye vyama vya akiba na biashara za samaki ufukweni. Nikiuliza, "Mna bekapu?" naambiwa, "Ipo." Iko wapi? Kwenye flashi, ndani ya droo ileile ya laptopu. Mwizi atachukua vyote viwili. Mwaka 2020 ziwa lilifurika likaingia kwenye majengo ya ufukweni, na maji hayachagui droo. Nikiuliza swali la pili, "Mmewahi kuirudisha data kutoka hapo?" watu hutazamana. Ndani ya faili hiyo mna akiba ya mama muuza omena ya miaka mitatu. Ikipotea, ataithibitishaje? Kwa kuapa?

Bekapu ambayo haijawahi kurudishwa ni hadithi ya ndege tu. Kwa hiyo fanyeni hivi: weka nakala moja mbali, mjini au kwenye intaneti. Azima kompyuta nyingine isiyo na kitu. Irudishe data yote humo, na mwandike kila hatua ili mtu mwingine aweze kuifuata mkiwa safarini. Pima saa zilizotumika. Linganisheni hesabu za mwisho na daftari. Rudieni kila baada ya miezi mitatu.

Mimi naona mkindu ni mwalimu bora kuliko yule ndege. Ukikata shina moja, machipukizi hutoka pembeni, maana mizizi bado iko hai chini. Basi chungeni mizizi. Jumamosi hii ni siku nzuri ya kuanza, kabla mvua hazijarudi.