Kontrol boksi, risiti na sisi tusiodai

Wadau, mwezi uliopita taa ya injini iliwaka kwenye kigari changu pale Ubungo. Gereji moja, jina nalihifadhi, wakachomeka kompyuta, wakasema: "Bosi, kontrol boksi imekufa." Laki nane! Nikakopa, nikalipa. Baada ya siku tatu taa ikarudi. Fundi umeme wa mtaani kwetu akakuta waya wa ethi umeliwa na kutu. Akausafisha, taa haijawaka tena.

Jamani, kompyuta inaonyesha saketi yenye hitilafu. Haisemi kifaa gani kimekufa. Kabla ya kununua chochote, betri na waya vipimwe kwanza.

Niliporudi kudai changu, nikaulizwa: "Risiti iko wapi?" Sikuwa nayo. Nilikubali punguzo ili nisikatiwe ya EFD. Hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani, yaani FCC, inapokea malalamiko. Lakini utathibitishaje bila karatasi?

Tunailaumu serikali kila siku, kumbe haki zetu tunaziuza wenyewe kwa punguzo. Mimi nimekoma. Wewe je?