Profesa akipewa ofisi, maabara isifungwe

Mbung'o akifyonza damu ya ng'ombe mgonjwa wa nagana, humeza vimelea vya tripanosoma pamoja na mlo wake. Vingi hufia tumboni. Vichache hubadilika umbo, vikaishi, na baadaye vikaingia katika damu ya mnyama mwingine. Kwa nini vingi vife na vichache vinusurike?

Swali hilo lilimshughulisha Mabel Imbuga, mwanabaiokemia wa Kenya aliyefundisha chuo kikuu na kufanya utafiti na wenzake katika kituo cha wadudu cha ICIPE, Nairobi. Mwaka 1992 walichapisha matokeo kuhusu viambata vya utumbo wa mbung'o na namna vinavyokabiliana na tripanosoma. Ni kazi ya subira: kupasua nzi mmoja mmoja, kuchuja, kupima vimeng'enya, kisha kurudia yote upya.

Mwaka 2008 akawa naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, Juja, wadhifa alioushika hadi 2018. Ni katika kipindi hicho, mwaka 2012, ambapo taasisi ya sayansi na teknolojia ya Chuo Kikuu cha Pan-Afrika ilianzishwa hapo Juja, ikipokea wanafunzi wa uzamili na uzamifu kutoka nchi mbalimbali za bara.

Vyuo vinahitaji viongozi wa aina hii. Aliyewahi kuona jaribio likiharibika kwa kukatika umeme hahitaji kuelezwa kwa nini jenereta ya maabara isisubiri bajeti ya mwaka ujao.

Lakini kuna gharama isiyoandikwa katika barua ya uteuzi. Katika vyuo vyetu vingi, maabara humtegemea mtu mmoja. Ruzuku imetolewa kwa jina lake, wanafunzi wa uzamifu wako chini yake, na ni yeye anayejua historia ya sampuli zilizo kwenye jokofu. Akihamia ofisini, kwenye vikao vya seneti, madeni na migomo, utafiti hulegea, na wanafunzi hutafuta msimamizi mwingine katikati ya safari.

Si lazima iwe hivyo. Paul Nurse, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 kwa utafiti wa mgawanyiko wa seli, aliongoza Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, kuanzia 2003 hadi 2011 huku maabara yake ikiendelea kufanya kazi. Aliweza kwa sababu alikuwa na watafiti wenye ujuzi waliolipwa kuisukuma kazi kila siku.

Hilo linawezekana hata kwetu, kwa kiasi tunachokimudu. Mabaraza ya vyuo yanapoandika mkataba wa naibu chansela au mkuu wa kitivo aliye mtafiti, yaweke humo mambo matatu: mshahara wa mtafiti mmoja wa kuendesha maabara, siku moja ya utafiti kila wiki, na fedha za kumrejesha kwenye utafiti muhula ukiisha. Gari la ofisi na dereva tayari vimo katika mikataba hiyo.