Njia za Udzungwa: tujitolee sawa, ila nani anakula?



Leo niongelee kitu ambacho sikioni kikijadiliwa, maana sisi tukisikia hifadhi tunawaza simba na magari ya watalii basi. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, pale Mang'ula barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, ilianzishwa 1992, ina kilomita za mraba 1,990 na haina barabara za kuzungukia na gari kama Mikumi. Unaingia kwa miguu. Kwa hiyo pale njia ndiyo biashara yenyewe. Njia ikifa, hamna utalii.

Na njia inakufa haraka jamani. Masika yakipiga, maji yakikosa pa kutokea yanaigeuza njia kuwa mtaro, udongo unaondoka, mizizi inabaki nje. Mgeni akiona tope anapita pembeni, mwenzake naye pembeni zaidi, mwisho njia ya mtu mmoja inakuwa uwanja. Dawa yake haina maajabu: unachimba vimfereji vya kutoa maji pembeni, unaweka ngazi za magogo penye mwinuko, unafyeka, unakata miti iliyoanguka. Ila lazima urudie kila msimu. Maporomoko ya Sanje, yale ya mita 170, ni matembezi ya saa chache, hiyo inatunzika. Lakini kilele cha Mwanihana ni kilomita 38, siku tatu! Mpaka uufikie mti ulioanguka ushachoka, na msumeno bado uko mgongoni.

Hapo ndipo utasikia watu wanasema vijana wajitolee, mbona Marekani wanafanya. Kweli wanafanya. Appalachian Trail ina zaidi ya kilomita 3,500 na sehemu kubwa inatunzwa na watu wa kujitolea kupitia vilabu vyao, na tangu 1970 wana sheria ya kujitolea kwenye hifadhi za taifa. Safi sana. Lakini tumwangalie huyo anayejitolea: mstaafu mwenye pensheni, au mfanyakazi aliyekuja na gari lake wikiendi. Huku anayeambiwa ajitolee ni kijana ambaye siku asipopata kibarua shambani, halali ameshiba.

Mimi mwenyewe nilipomaliza sekondari nilijitolea sehemu fulani miezi mitatu (siitaji), nauli anatoa mama. Cheti nilichoahidiwa nakisubiri mpaka leo. Kwa hiyo neno kujitolea nalisikia na maumivu yake.

Halafu kuna suala la kuni. Mpaka 2011 wanavijiji waliruhusiwa kuingia siku maalum kuokota kuni kavu. Ikapigwa marufuku. Sababu za uhifadhi zipo, sibishi, msitu ule una viumbe ambao hawapo kwingine duniani, hata yule kima wa Sanje wanasayansi wamemjua 1979 tu. Lakini jiweke nafasi ya huyo mama. Yeye haruhusiwi kutoka na kijiti, halafu mwanaye aitwe akabebe magogo bure ili mgeni akanyage asiteleze? Hapo uhifadhi utaonekana ni mali ya wageni, na mtu akiona hivyo hata akisikia panga la jangili usiku ananyamaza.

Kwa maoni yangu kazi nzito kama ya Mwanihana iwe ya kulipwa, walipwe wa vijiji vya jirani, hela itoke kwenye viingilio. Kujitolea kubaki kwa siku moja moja njia fupi kama Sanje, na hata hapo chakula kiwepo, buti na glavu ziwepo, dawa za huduma ya kwanza ziwepo, na barua mtu aondoke nayo siku hiyo hiyo siyo njoo kesho. Na mzungu anayelipia kuja kujitolea, karibu sana, ila kila mmoja afanye na mwenyeji anayelipwa. Panga lenyewe nani atamfundisha?

Wadau wa Kilombero nisahihisheni kama nimekosea. Mara ya mwisho njia ya Mwanihana kufyekwa, walifyeka akina nani, na walilipwa shilingi ngapi kwa siku?