Mikimbio ya Nyongeza: Kriketi katika Somo la Hesabu

Baadhi ya wanachuo huamini kwamba kriketi haina nafasi katika shule zetu za msingi, hasa huku Shinyanga na Geita, ambako watoto wengi hawajapata kuuona mchezo huo. Maoni yangu ni tofauti. Sidai kwamba kila shule iunde timu. Nadai kwamba daftari la alama za kriketi ni zana nzuri ya kufundishia hesabu, na kwamba sehemu yake bora ni ile ambayo watazamaji huipuuza, yaani mikimbio ya nyongeza.

Wala mchezo wenyewe si mgeni kabisa kwetu. Timu ya Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilicheza Kombe la Dunia la kwanza la wanaume huko Uingereza mwaka 1975. Na mwaka 2025 vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kuingia katika Kombe la Dunia la rika lao la mwaka 2026.

Mikimbio ya nyongeza ni ile inayoingia katika hesabu ya timu pasipo mpigaji kuipata kwa gongo lake. Aina zake kuu ni nne, na kila moja ina ishara ya mwamuzi. Mpira uliorushwa mbali, mpigaji asiweze kuufikia, ni waidi: mwamuzi hunyosha mikono yote miwili kwa usawa wa mabega. Mrushaji akivunja kanuni ya urushaji, kwa mfano akiukanyaga na kuuvuka mstari wake, ni noboli: mwamuzi hunyosha mkono mmoja. Mpira ukipita bila kugusa gongo wala mwili, na wapigaji wakakimbia, ni bai: mwamuzi huinua mkono juu, kiganja wazi. Ukigusa mwili wa mpigaji aliyejaribu kuupiga au kuukwepa, kisha wakakimbia, ni legibai: mwamuzi huinua goti na kuligusa kwa mkono.

Tofauti hizi zina matokeo katika daftari. Waidi na noboli huongeza mkimbio 1 kila moja, hudaiwa mrushaji, na hazihesabiwi miongoni mwa mipira sita ya ova. Bai na legibai huhesabiwa katika ova, lakini mrushaji hadaiwi.

Tuchukue ova moja. Mpira wa kwanza, mpigaji apata 1. Wa pili ni waidi. Wa tatu ni bai, nao wakimbia mara 2. Wa nne wapigwa, wabiringika hadi kuvuka mpaka: 4. Wa tano ni noboli, lakini mpigaji aupiga na kupata 2. Wa sita ni legibai ya 1. Wa saba na wa nane havina kitu. Sasa mwalimu aulize: timu imepata mingapi? 12. Wapigaji wamepata mingapi kwa magongo yao? 7. Nyongeza ni ngapi? 5. Mrushaji anadaiwa mingapi? 9, kwa kuwa bai na legibai, jumla 3, si deni lake. Mipira minane imerushwa, lakini iliyo halali ni sita. Haya yote yametoka katika kumbukumbu moja, na kila jibu ni sahihi kwa swali lake.

Hapo ndipo penye faida kwa watoto wetu. Katika machimbo ya dhahabu ya Geita, viroba vya mawe hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Asiyejua kutenganisha mafungu ya hesabu moja hutegemea hisani ya mwenzake. Wakulima wa pamba wa Usukuma waliijua hatari hiyo mapema. Kutoiamini mizani ya wanunuzi ni miongoni mwa mambo yaliyowasukuma kuunda vyama vyao, na vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Victoria mwaka 1955.

Kriketi ina kanuni nyingine inayomfaa mwalimu. Mwamuzi akishatoa ishara, hapaswi kuruhusu mchezo uendelee mpaka karani wa alama aijibu kuonyesha kuwa ameiona. Mwalimu anayeandika ubaoni kisha akaendelea bila kuangalia kama wanafunzi wamepokea anafanya kinyume cha kanuni hiyo.

Wapo watakaosema vifaa hakuna na darasa lina watoto wengi mno. Gongo huchongwa kwa mti, mpira wa matambara unatosha, na debe tupu hushika nafasi ya wiketi. Ama wingi wa watoto, wachache wacheze, mmoja awe mwamuzi, na waliobaki wakae wawiliwawili kama makarani. Baada ya kila ova kila jozi ilinganishe daftari lake na la jirani. Zikitofautiana, wasirekebishe kwa kukisia, bali warudie mpira mmoja mmoja mpaka waione tofauti ilipoanzia. Kazi hiyo ya kusahihishana ndiyo somo lenyewe. Mchezo ni njia tu.

Nawashauri basi wanachuo wanaokwenda katika mazoezi ya kufundisha wajaribu kipindi kimoja kwa darasa la tano, wakianza na ova niliyoieleza hapo juu. Wasitazame nani ameshinda. Watazame ni wanafunzi wangapi wanaoweza kueleza kwa maneno yao kwa nini timu imepata 12 na mrushaji anadaiwa 9.