Kijiji cha Wachina kilichonikumbusha ploti yangu Kawangware

Hebu panda matatu pale Kangemi asubuhi, keti dirishani, uelekee tao. Ukipita James Gichuru unaanza kuiona barabara ya juu, Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyojengwa na kampuni ya Uchina na kuanza kutumika Mei 2022. Huko juu magari ya waliolipa yanateleza. Chini mko kumi na wanne, hamsogei, na konda anasema nauli imepanda kwa sababu ya foleni. Tupa macho kulia, upande wa Lavington na Kileleshwa. Kreni zimesimama kama twiga, na pale palipokuwa na nyumba moja na miti yake sasa pana fleti za familia mia moja.

Nilikuwa kwenye foleni hiyo nikisoma kwa simu riwaya ya Yan Lianke, mwandishi Mchina aliyezaliwa mkoani Henan mwaka wa 1958. Riwaya yenyewe ilitoka mwaka wa 2013, na tafsiri ya Kiingereza, The Explosion Chronicles, ikafuata 2016. Inasimulia habari za Zhalie, kijiji maskini cha milimani ambacho jina lake maana yake ni mlipuko. Kijiji kinageuka mji, mji unageuka jiji kubwa, na yote yanatokea ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Pesa za kwanza zinatoka wapi? Wizi. Kong Mingliang anawapanga wanakijiji waibe mizigo kwenye treni zinazopanda mlima polepole. Chapaa zinaingia, nyumba mpya zinaota, naye anakuwa kiongozi wa kijiji na hatimaye meya. Anayekufa akiiba anapewa heshima za shujaa. Barua ya kupandishwa cheo ikifika, hata mimea iliyokauka inachanua maua.

Nilicheka mpaka mama aliyeketi kando yangu akanikazia macho. Kisha nikaikumbuka ploti yangu, kicheko kikakatika.

Nyuma ya ploti ninayokaa Kawangware kuna jengo lililoanza na ghorofa tatu. Sisi wapangaji tulikuwa tunapiga hesabu. Mkaguzi anaingia na faili, anatoka akitabasamu, na wiki inayofuata ghorofa moja inaongezeka. Likafika saba. Tukalibandika jina: mti wa mkaguzi, maana kila akija unachipua.

Mzaha mtamu. Lakini jua halifiki tena kwenye kamba zetu za nguo. Maji ya mfereji yanakuja usiku mmoja kwa wiki. Maji taka yanafurika mlangoni kwa shosho anayeuza githeri. Nani alilalamika? Hakuna. Mimi pia nilinyamaza. Binamu yangu alikuwa amepata kazi ya mjengo pale pale, na tulikuwa tunachangia kodi ya keja. Nikimchongea mwenye jengo, nani atalipa nusu ya kodi?

Hapo ndipo Yan anapokushika shati. Meya mwizi si jambo geni kwetu. Wezi tunawajua kwa majina, na kila siku tunawafanyia vichekesho TikTok. Swali la Yan ni lingine: kwa nini kijiji kizima kilimfuata? Jibu lake linauma. Kila mtu alikuwa na kipande chake, hata kama ni kidogo. Kichekesho cha mtandaoni kinamcheka mkubwa mmoja na kutuacha sisi wengine wasafi. Riwaya ya aina hii inakugeukia wewe msomaji na kukuuliza ulikula ngapi.

Wala kejeli hii hatukuiletewa na Wachina. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Shetani Msalabani kwa Gĩkũyũ akiwa amefungwa Kamiti, tena kwenye karatasi za chooni. Mle ndani wezi wanashindana hadharani nani ameiba vizuri zaidi, na mmoja ana mpango wa kuwauzia watu hewa. Meja Mwangi naye alitoa Going Down River Road mwaka wa 1976. Vibarua wake wanajenga jumba liitwalo Development House katikati ya jiji, na jioni wanarudi kulala kwenye vibanda.

Usinielewe vibaya. Sipingi maghorofa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 4.4 Nairobi, na lazima walale mahali. Ninachopinga ni ghorofa inayopanda kwa sababu mtu fulani alitabasamu. Aprili 2016 jengo la makazi lilianguka Huruma usiku wa mvua, wakafa takriban watu 50. Lilikuwa limeshawekewa alama kwamba libomolewe. Rangi ilipakwa ukutani, basi, mambo yakaishia hapo.

Utaniambia, buda, kitabu hakizuii tingatinga. Sawa. Hata Yan anakubali: katika riwaya yake, meya anasoma historia ya jiji aliyoagiza iandikwe, kisha anaichoma. Lakini angejisumbua kuichoma kama haikumtisha?

Na kelele huwa zinasaidia. Mugumo ule mkubwa wa Waiyaki Way pale Westlands ulikuwa ung'olewe kupisha Expressway. Watu wakapiga kelele, na Novemba 2020 ukaokolewa kwa amri ya rais. Mti umepata mtetezi. Shosho wa githeri je?

Kwa hivyo naomba mambo mawili kwako. Kwanza, jengo likianza kuota karibu nawe, tafuta bango lake la ujenzi, usome limeidhinishwa ghorofa ngapi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kudai habari zilizo mikononi mwa serikali, na tangu 2016 kuna sheria nzima ya jambo hilo. Pili, andika. Usiishie kichekesho kinachosahaulika kesho. Andika tarehe, andika ulichokiona, andika na wewe ulipata nini ukanyamaza.

Mimi nimeanza. Nina daftari la mti wa mkaguzi: siku aliyokuja, siku ghorofa ilipoongezeka. Nimeandika pia barua kuuliza jengo lile liliidhinishwa kwa ghorofa ngapi. Binamu yangu hajafurahi, na siku mbili hizi hatuongei vizuri. Nimemwambia ukuta ukija chini hautauliza nani alikuwa kibarua na nani alikuwa mpangaji.

Kwako je, wamefika ghorofa ya ngapi?