Sehemu ya 3: Sindano isikatwe kwa sababu ya kilo

Mama zangu na dada zangu, leo naongelea jambo ambalo wengi huninong'oneza pale kliniki: "Sista, hii insulini inaninenepesha, siku hizi naipunguza mwenyewe." Msimamo wangu ni huu: uzito unazungumzika, lakini dozi haikatwi kimyakimya.

Kwanza tuelewane kilo hizo zinatoka wapi. Sukari ikiwa juu sana mwili unashindwa kuitumia, basi inamwagwa kwenye mkojo. Ndiyo maana ulikuwa unakojoa usiku kucha, unakula vizuri na bado gauni linakupwaya. Chakula chako kilikuwa kinaishia chooni! Insulini ikianza kazi, chakula kinabaki mwilini. Ukiendelea kula kiasi kilekile, uzito utapanda tu. Na ule wembamba uliosifiwa mtaani ulikuwa ugonjwa.

Zamani, kabla ya insulini, watoto wenye kisukari aina ya kwanza walipewa chakula kidogo mno ili wavute siku, wakabaki mifupa. Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwa sindano hizi. Aliishi miaka 13 zaidi. Kwa hiyo kilo zinazorudi mwanzoni, nyingine ni mwili wako unajijenga upya.

Sasa zile za ziada tunazidhibiti vipi?

Cha kwanza, angalia kama sukari inakushuka mara kwa mara. Ukitetemeka, ukitoka jasho, ukisikia njaa ya ghafla, unakunywa soda chupa nzima na andazi juu. Hapo unailisha dozi. Pima kama una kipimo. Sukari ikiwa imeshuka, vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji vinatosha. Subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini? Rudia. Ikitokea mara kwa mara, iandike, ulete kliniki. Pengine dozi ni kubwa kwako, na kuibadilisha ni kazi yetu pamoja nawe.

Cha pili, sahani. Nusu iwe mboga: mchicha, matembele, kabichi, bila kuogelea kwenye mafuta. Robo ugali au wali. Robo maharage, samaki au kuku. Ugali wa dona nao ni ugali, usipakue mlima kwa sababu umeambiwa ni mzuri. Ila usiruke mlo huku umeshajichoma, maana sukari itakuangusha.

Cha tatu, tembea. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, na uwe na kitu kitamu kwenye pochi endapo sukari itashuka. Kama una kisukari aina ya pili, muulize daktari kama metformin inakufaa pamoja na sindano; kwa wengine husaidia uzito usipande sana.

Sasa naomba nisikike na walio nyumbani. Wewe mume, wewe wifi, unayemwambia "siku hizi umekuwa pipa", unajua anafanya nini akiingia chumbani? Anaiacha sindano kwenye friji. Na binti wa miaka 15 anayechekwa shuleni hufanya hivyohivyo, mama usijue. Mwenye aina ya kwanza akiacha insulini, damu inajaa asidi, na ndani ya siku moja au mbili anaweza kuwa mahututi. Kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu, mdomo kunuka kama matunda yaliyoiva: usisubiri asubuhi, mkimbize hospitali. Na anayepunguza kidogo kidogo kwa miaka, macho na figo ndivyo vinavyolipa.

Wahudumu wenzangu nao, mgonjwa akilalamika uzito, "punguza kula" si jibu. Muulize anakula nini, anachoma saa ngapi, sukari inashuka lini. Akifokewa leo, kesho hatasema tena.

Ukienda kliniki wiki hii, sema hivi bila aibu: "Nimeongezeka kilo kadhaa, naogopa, na nimekuwa nikiruka sindano." Sentensi hiyo moja inatupa pa kuanzia. Mama mwenye kilo tano za ziada tunaweza kumsaidia akiwa hai na anaona.

Sehemu ya 4: kutunza insulini kwenye nyumba isiyo na friji.