Soli ya Sufu Isiingie Mtoni Kwetu

Nimezaliwa Ombaci, kilomita chache kutoka mji wa Arua ukishika barabara ya Koboko. Kwetu mtu akisema anakwenda kuvua, ana njia mbili. Ama anashuka kwenye kijito cha jirani na ndoano yake kutafuta kambale, ama anapanda gari mpaka Rhino Camp, kwenye mto Nile wenyewe. Wengi huenda kote kuwili, na miguu yao ni ile ile.

Likizo iliyopita baba mdogo alirudi kutoka sokoni Arua na jozi ya buti za mtumba. Alizigeuza juu chini anionyeshe. Soli yake haikuwa mpira, bali nyuzi nene zilizoshindiliwa, mfano wa kipande cha blanketi zito. "Mwanangu," akaniambia, "hizi ndizo Wazungu wanavulia. Haziterezi hata kwenye jiwe lenye utelezi." Siku ile nilinyamaza kwa heshima. Leo nasema: buti zile zisiingie mtoni, na anayezinunua kwa kazi hiyo anapoteza pesa yake.

Jambo la kwanza ni afya ya mvuvi mwenyewe. Buti za namna ile hazikushonwa ili kuzuia maji. Wenyewe huko zilikotoka huvaa kwanza suruali ndefu isiyopitisha maji, yenye soksi zake, ndipo huvaa buti juu yake. Buti zina nafasi za kuingiza maji na kuyatoa. Sisi tunanunua buti bila ile suruali. Maana yake baba mdogo akisimama ukingoni mwa Nile, maji yamo ndani ya buti, yanagusa ngozi yake kama aliyeingia pekupeku. Na kichocho hakihitaji zaidi ya hapo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, huogelea, na hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Kichocho cha kwetu ni kile cha tumbo: minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu ya matumbo, mayai yake huharibu ini, na miaka ikipita tumbo huvimba na mtu hutapika damu. Tangu 2003 serikali ya Uganda imekuwa ikigawa dawa ya prazikwanteli katika wilaya za kando ya Nile na ziwa Albert. Dawa hiyo huua minyoo iliyomo mwilini, lakini haimzuii mtu kuambukizwa tena kesho yake akirudi majini. Basi kiatu kinachompa mvuvi moyo wa kusimama majini muda mrefu zaidi, na huku hakimkingi, ni kiatu kinachomdanganya.

Jambo la pili ni huo utelezi wenyewe. Nakubali kwamba soli ya sufu hushika vizuri juu ya jiwe lenye ukungu wa mwani. Lakini kingo zetu nyingi ni udongo wa mfinyanzi, matope na mafunjo. Juu ya matope na majani mabichi soli ile hujaa udongo na kuwa laini kama sabuni. Tunanunua sifa ya mto wa mawe ili tuitumie kwenye mto wa matope.

Jambo la tatu linatuhusu hata sisi tusiovua. Soli ya sufu hunyonya maji na matope, na hukaa na unyevu siku kadhaa hata kama juu imekauka. Chochote kidogo kilichomo mtoni hupata nyumba humo. Ndiyo maana New Zealand, baada ya mwani uitwao didimo kuonekana katika mito yake mwaka 2004, ilipiga marufuku soli za sufu mwaka 2008. Alaska ikafuata mwaka 2012. Hapa Afrika, ugonjwa wa vidonda vya samaki ulizuka katika mto Zambezi na mto Chobe mwaka 2006 na 2007; huletwa na kuvu wa majini, na kambale ni mmoja wa samaki wanaougua. Sisemi ugonjwa huo uko Ombaci. Nasema baba mdogo ana bwawa la kambale nyuma ya nyumba, na Jumatatu huingia humo na buti zile zile alizosimama nazo Nile siku ya Jumamosi. Sokoni hakuna anayeuliza kiatu kimetoka mto gani, na bwawani hakuna anayeuliza kimepita wapi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema hata mpira hubeba matope. Kweli, na jimbo la Vermont huko Marekani lilipiga marufuku soli za sufu mwaka 2011, kisha likaifuta sheria hiyo mwaka 2016. Lakini mpira ukiusugua kwa brashi na sabuni unauona umetakata, na jua la mchana mmoja linaukausha. Sufu huwezi kuiona ndani. Wa pili atasema mnyonge hachagui, anavaa anachopata. Huyu ndiye ninayebishana naye zaidi. Gambuti za mpira zimejaa katika soko lile lile, ndizo wanazovaa wakulima kila msimu wa mvua. Maskini akichaguliwa kibaya na akaambiwa ashukuru, huo si msaada.

Basi ushauri wangu ni mfupi. Nunua gambuti yenye meno makubwa chini. Itie maji kwanza uone kama inavuja. Usiingie kina kinachopita shingo yake, kwa kuwa ikijaa maji haikukingi tena. Pakizidi hapo, vulia ukingoni au mtumbwini. Ukirudi isugue, ikaushe juani, ndipo uingie bwawani. Na dawa ya kichocho ikigawiwa, usijifiche.

Baba mdogo, najua utasomewa haya na mtu fulani kabla sijarudi nyumbani. Nisamehe kwa kusema mbele za watu nililoshindwa kusema barazani. Buti zako ni nzuri na bado ni ngumu. Zivae shambani wakati wa kiangazi. Mtoni nitakuletea gambuti mimi mwenyewe.